Sakafu ya Januari, Sakafu ya Machi

Mwambie mtu wa Makete au wa Nyandarua kwamba Guangzhou kuna baridi, naye atakucheka. Huko kwao majani huamka na sakitu, na mtu huenda shambani na koti zito mwezi Julai. Guangzhou iko kusini kidogo ya Tropiki ya Kansa, migomba imesimama kando ya barabara, na wastani wa joto la Januari ni nyuzi 13 au 14 za Selsiasi. Kwa takwimu hizo, hii si nchi ya baridi.

Hata hivyo, kila mwaka ifikapo Januari, sisi wanachama tunaoishi wilaya ya Huangpu tunazungumza habari moja: miguu. Tuliotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki tunalalamika, na wenzetu waliotoka Harbin na Shenyang, ambako mito huganda, wanalalamika kuliko sisi. Wanasema kwao baridi iko nje, hapa iko ndani ya nyumba. Nasi tukiwauliza iko wapi hasa ndani ya nyumba, wanaonyesha chini.

Makala hii inahusu sakafu. Tumeiandika kwa ajili ya wanachama watakaopanga nyumba Huangpu mwaka huu, hasa walio na watoto wanaotambaa au wazazi watakaokuja kuwatembelea. Sakafu mbaya ni suala la afya, na sakafu inayofaa Januari yaweza kuwa hatari mwezi Machi.

Baridi isiyo na moto

Tuanze na sababu ya baridi kuingia ndani. Tangu miaka ya 1950, China imekuwa na mpaka usioonekana kwa macho unaofuata milima ya Qinling na mto Huai. Kaskazini ya mpaka huo miji hupashwa joto kwa mfumo wa pamoja: maji ya moto hutoka kwenye mitambo mikubwa na kupita katika mabomba hadi kila nyumba. Beijing, kwa mfano, hupashwa joto kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi, na kanuni inataka chumba kisipungue nyuzi 18. Kusini ya mpaka huo hakuna mfumo wa namna hiyo. Guangzhou iko kusini sana, kwa hiyo nyumba zake zilijengwa kwa kuhofia joto wala si baridi: madirisha mapana, kuta zisizo na kizuizi cha baridi, na sakafu ya vigae.

Ubaridi ukija, hauna wa kuuzuia. Kwa kawaida ni siku chache za upepo wa kaskazini na manyunyu, lakini zege la jengo likishapoa halipati joto upesi. Nje jua likitoka saa sita mchana unavua koti. Ukiingia ndani unalivaa tena. Na mara moja moja mambo huzidi. Tarehe 24 Januari 2016 Guangzhou ilipata mvua iliyochanganyika na chembe za theluji, jambo ambalo watu wazima wengi wa mji huu walikuwa hawajaliona kwao maishani, na watu wakatoka nje kulitazama. Sakafu za ndani siku hiyo hazikuhitaji maelezo.

Kigae na ubao vilivyolala chumba kimoja

Wengi wetu tunaamini kigae ni baridi na mbao ni ya joto. Ukiweka kipimajoto, utaona si hivyo. Kigae na ubao vilivyolala usiku kucha katika chumba kimoja vina joto lile lile. Tofauti ni kasi ya kila kimoja kunyonya joto la mguu wako. Kigae hupitisha joto mara sita hadi kumi kuliko mbao, na tena ni kizito, kwa hiyo hunyonya bila kushiba upesi. Ubao una vijishimo vingi vyenye hewa, na hewa haipendi kupitisha joto. Sponji nyepesi ni hewa karibu tupu.

Tuchukue mfano wa unyayo wenye nyuzi 30 na sakafu yenye nyuzi 12. Kwa hesabu ya kukadiria, mguu ukigusa kigae, ngozi hushuka mara moja hadi karibu nyuzi 20. Ukigusa ubao, hushuka hadi karibu 25. Ukigusa sponji, hubaki karibu na 29. Sakafu zote tatu zina nyuzi 12, lakini mguu umepewa habari tatu tofauti.

Hesabu hii ina faida kubwa kwa mpangaji: huhitaji kuibadilisha sakafu ili upate joto. Unahitaji tabaka jembamba lenye hewa kati ya mguu wako na kigae. Milimita kumi za sponji zinafanya kazi ambayo kigae cha bei ghali hakiwezi kuifanya hata kikiwa na rangi ya mbao. Hapo tunatoa tahadhari: madukani kuna vigae vingi vilivyochapwa sura ya mbao, vizuri mno kwa macho. Ni vigae tu. Mguu haudanganyiki kwa picha.

Mwezi Machi, sakafu inapotoka jasho

Kama tatizo lingekuwa Januari peke yake, tungesema tandika zulia ukuta hadi ukuta, na makala ingeishia hapa. Lakini Huangpu ina msimu mwingine ambao mgeni hauambiwi na dalali: huinantian. Kwa Kichina, hui ni kurudi, nan ni kusini, tian ni siku au hali ya hewa. Ni siku za kati ya Februari na Aprili ambapo upepo wa kaskazini hulegea, na hewa yenye joto na unyevu mwingi hurudi ghafla kutoka Bahari ya China Kusini.

Hewa hiyo huingia katika nyumba ambayo bado ina ubaridi wa majuma yaliyopita. Hewa yenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 95 huanza kuacha maji ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 21 au pungufu. Sakafu yako bado ina nyuzi 16 au 17. Matokeo yake, maji hutokea juu ya vigae kana kwamba mtu amemwaga ndoo. Kuta hutiririka, vioo haviangaliki, nguo zilizoanikwa siku tatu hazikauki, na viatu vya ngozi ndani ya kabati hufunikwa na kuvu.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, unyevu si jambo geni. Ila mazoea yetu ya nyumbani ni kwamba chumba kikinuka unyevu, fungua madirisha upepo upite. Hapa wenyeji hufanya kinyume. Siku za huinantian hufunga madirisha, hasa asubuhi na jioni, na hasa yale yanayotazama kusini, kwa sababu hewa ya nje ndiyo inayoleta maji. Kisha huwasha mashine ya kukausha hewa, au kiyoyozi katika sehemu ya kukausha. Upepo mkavu wa kaskazini ukirudi, ndipo hufungua.

Sasa fikiria zulia zito lililogundishwa juu ya sakafu hiyo. Linazuia joto la chumba lisifike kwenye kigae, kwa hiyo kigae chini yake hubaki baridi zaidi, na unyevu unaopenya hugeuka maji mahali usipopaona. Juu zulia ni kavu, chini limeoza. Mtoto anayetambaa juu yake anavuta hewa ya kuvu, na mwenye pumu ataliona tatizo kabla yako. Kwa upande mwingine, ukiacha vigae vitupu, mzee akitoka chooni usiku na ndara zilizolika, anateleza. Kuanguka kwa mtu mwenye miaka sabini si jambo la kusimuliwa kwa kucheka.

Kwa hiyo swali la Huangpu si "sakafu gani ina joto?" Ni "sakafu gani itanipa joto Januari, nami niweze kuiondoa Machi?"

Waliotutangulia walifanyaje

Wajenzi wa zamani wa Guangdong walilijua jambo hili. Katika nyumba nyingi za kale za eneo hili sakafu ilitandazwa matofali mapana mekundu ya udongo uliochomwa, yasiyopakwa rangi ya kung'aa. Matofali hayo yana vijishimo. Siku za huinantian hunywa unyevu, na siku za ukavu huutoa. Hayatoki jasho upesi kama kigae kinachong'aa. Pia walichoma makombe ya chaza wakapata chokaa ya kujengea.

Hapo mtu wa Lamu au Unguja atatikisa kichwa, kwa maana kwetu chokaa ilichomwa kwa matumbawe. Katika nyumba za mawe za pwani, mafundi walilaza boriti za mikoko, wakapanga mawe juu yake, wakamwaga chokaa na kokoto, kisha watu wakaipiga kwa vipande vya mbao kwa siku kadhaa huku wakiimba, mpaka ikakaza. Hiyo ndiyo sakafu. Wanaisimu wa chama chetu watapenda kukumbuka kwamba neno lenyewe limetoka Kiarabu, saqf, ambako maana yake ni dari au paa. Halikupotea njia: katika nyumba ya ghorofa, paa la aliye chini ndilo sakafu ya aliye juu, na hata leo sakafu kwa Kiswahili yaweza kuwa ile ya kukanyagia au paa bapa la juu ya nyumba.

Lakini juu ya sakafu ngumu ya chokaa watu wa pwani hawakukaa hivi hivi. Walitandika. Ndiyo maana lugha yetu ina utajiri wa maneno ya vitu vya kutandikwa: mkeka wa ukindu, jamvi la miyaa, busati, zulia. Na kitenzi chenyewe, kutandika, kina mwenzake, kutandua. Asubuhi unatandua, unakunja, unasimamisha pembeni, unafagia. Sakafu hukaa mwaka mzima. Kitandiko huja na kuondoka.

Huangpu nayo haiko mbali na mikeka. Ng'ambo ya mto kuna Dongguan, mji ambao jina lake hufungamanishwa na guan, aina ya matete yaliyosukwa mikeka huko kwa karne nyingi. Katika karne ya 18 na 19, meli za Ulaya na Marekani zilizokuja kufanya biashara Guangzhou zilitia nanga Huangpu, na zilipoondoka na chai, hariri na kaure, zilibeba pia mikeka ya kutandika sakafuni. Watu wa nchi za theluji walikanyaga kazi ya mikono ya watu wa hapa.

Leo biashara inakwenda na vigae. Foshan, jirani wa Guangzhou upande wa magharibi, ni moja ya vituo vikubwa vya vigae duniani, na kampuni za Foshan na Guangzhou zimejenga viwanda Kajiado nchini Kenya na Chalinze nchini Tanzania. Ndiyo sababu kigae, ambacho mtaani wengine hukiita tailizi na wengine marumaru, kimekuwa alama ya nyumba nzuri Dar es Salaam na Nairobi. Tunafika Huangpu tukiamini sakafu inayong'aa ndiyo mwisho wa maendeleo. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema. Nasi twaongeza, wala si mng'aro wa sakafu.

Chaguo moja baada ya jingine

Vigae. Usivichukie. Guangzhou ina miezi mingi ya joto, na Julai wastani hufikia nyuzi 28 au 29. Wakati huo kigae ni rafiki. Hakiozi, hakivimbi, kinafutika kwa kitambaa. Kwa nyumba ya kupanga, baki navyo ukatandike juu.

Mikeka ya sponji. Ni ile ya vipande vinavyoshikana kama meno, au ya kukunja. Ndiyo yenye joto kuliko vyote kwa bei ndogo, na inafaa chumba cha mtoto. Ukiinunua, ianike siku kadhaa mahali penye upepo mpaka harufu iishe kabla mtoto hajailalia. Iinue angalau mara moja kwa wiki, uifute chini. Huinantian ikianza, iondoe yote, isimamishe ukutani.

Mazulia madogo. Weka kando ya kitanda, chini ya meza ya kusomea, mbele ya kochi, yaani pale miguu inapokaa muda mrefu. Chagua linaloingia katika mashine ya kufulia. Chini yake weka wavu wa mpira wa kuzuia kuteleza.

Mkeka wa ukindu au wa matete. Ni mzuri na una heshima yake, lakini mwembamba. Peke yake hautoshi Januari. Utandike juu ya sponji. Kwa kuwa ni jani, kuvu huupenda: ukunje kabla ya Machi, uuhifadhi mahali pakavu.

Mbao halisi. Hii ni kwa mwenye nyumba yake. Ina joto na uzuri, lakini hunywa unyevu na kuvimba. Fundi lazima aache nafasi ya milimita kama kumi kandokando ya kuta, iliyofichwa na ubao wa pembeni. Asipoacha, sakafu hunyanyuka katikati kama tumbo. Ghorofa ya chini usiithubutu. Mbao za tabaka, ambazo vipande vyake vimegundishwa kwa kupishanisha nyuzi, huvumilia zaidi kuliko ubao mmoja mzima.

Mbao za unga uliogandamizwa. Ni rahisi na uso wake ni mgumu, lakini maji yakiingia kwenye maungio, kingo hufura na hazirudi. Kwa Huangpu tunaziweka mwisho wa orodha.

Mbao za plastiki na unga wa mawe. Madukani huandikwa SPC. Haziogopi maji na hupangwa bila gundi. Ila ndani yake mna unga wa chokaa uliobanwa, kwa hiyo joto lake si kama la mbao. Ni afadhali kidogo kuliko kigae. Chagua zenye tabaka la sponji chini.

Sakafu ya kupashwa joto. Wakorea wana ondol, na watu wa kaskazini mwa China wana kang, kitanda cha matofali ambacho moshi wa moto hupita chini yake. Siku hizi mabomba ya maji ya vuguvugu au nyaya za umeme hulazwa chini ya sakafu. Mfumo wa umeme hula wati 100 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita kumi za mraba chaweza kula kilowati moja hadi mbili. Kwa baridi ya majuma machache kwa mwaka, na kwa gharama ya kubomoa sakafu, wengi wetu hatuihitaji. Aliye na mgonjwa au mzee ndani anaweza kufikiri tofauti, hasa kwa kuwa sakafu yenye vuguvugu haitoki jasho.

Na jambo moja halina majadiliano: usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa nusu saa. Hewa ya makaa haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Unapokwenda kutazama nyumba

Ukiwa na dalali, usitazame sebule na jiko tu. Vua viatu, simama juu ya vigae dakika tano. Chungulia chini ya kabati na nyuma ya mlango: madoa meusi kwenye pembe za ukuta ni kumbukumbu ya Machi iliyopita. Ghorofa ya kwanza na ya pili hupata unyevu zaidi kuliko za juu, na chumba kisichopata jua hukauka kwa shida. Uliza kama kiyoyozi kina uwezo wa kupasha joto, maana vingi vya hapa hupoza tu.

Kabla ya kugundisha chochote sakafuni, kumbuka dhamana. Wenye nyumba wengi huchukua dhamana ya kodi ya miezi miwili, na alama ya gundi juu ya vigae ni sababu tosha ya kukatwa. Piga picha za sakafu siku ya kuingia. Kitandiko kisichogundishwa utahama nacho.

Halafu kuna jambo dogo ambalo wenyeji hulifanya bila kufikiri: ndara za ndani. Mlangoni pana ndara za nje, za ndani, na za mgeni; na za baridi zina manyoya. Mwalimu wako akija kukutembelea Januari, mpe ndara kabla ya chai.

Ombi kwa walimu na wanachama

Tulipokuwa tunaandika makala hii tulikwama kwenye neno moja. Huinantian tuiiteje kwa Kiswahili? Wengine kati yetu wanapenda "jasho la sakafu", kwa sababu ndivyo inavyoonekana. Wengine wanasema hilo linapotosha, kwa kuwa maji hayatoki ndani ya sakafu bali hewani, sawasawa na umande unaolowesha majani alfajiri. Wanapendekeza "umande wa ndani". Sisi tunaelekea kwenye hili la pili, kwa kuwa jina lenyewe linamfundisha mtu afunge dirisha.

Tunawaomba walimu wetu watoe hukumu, na wanachama watuletee maneno ya kwao: mnaita nini sakafu ya udongo, ya samadi, ya saruji, ya mbao? Mkeka wa kulalia na mkeka wa kukalia vina jina moja au mawili? Toeni majibu kabla ya mwezi Februari, maana baada ya hapo karatasi zetu zitakuwa zimelowa.